Mzee wa Stoo na Matumbo Arobaini

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kwa sababu nisipoutaja mimi, Mama Atieno atautaja, na yeye akisimulia huongeza chumvi. Mwaka ule kanisa letu la hapa Kamwokya liliponipa kazi ya chakula cha hija, nilinunua mikungu kumi na miwili ya matoke sokoni Kampala, nikaipakia juu ya basi pamoja na magunia mawili ya maharage makavu, nikaituma mpaka Busia mpakani, ili watu arobaini waile wakiwa wanarudi Kampala kwa miguu.

Kama bado hujaona kosa, tulia. Hata mimi sikuliona. Nilijiona mtu wa maana sana. Nilitaka ndugu zetu wanaotoka Kenya waone kwamba sisi tuliohamia Kampala tunakula vizuri.

Mila yetu ndiyo hiyo. Kila mwaka, Wakenya wa kanisa letu hupanda basi hadi mpakani, hukutana na wenzetu wachache kutoka nyumbani, kisha wote hutembea siku nane kurudi huku mpaka Namugongo, walikouawa mashahidi wa Uganda. Niliwahi kuuliza kwa nini tulipe basi litupeleke mbali ili tupate mahali pa kutoka kwa miguu, kwa nini tusizunguke tu Kampala mara nyingi. Nikaombwa ninyamaze. Nadhani ndiyo sababu wakanipa chakula: mtu ambaye hapendi kutembea lakini anapenda kula, wakadhani anajua kitu.

Matoke yale yalisukumwa kwa mkokoteni. Nusu ya uzito ilikuwa maganda. Siku ya tatu jua la Busoga liliyaivisha yote kwa pamoja, watu wakaanza kula ndizi mbivu asubuhi, ndizi mbivu mchana, na matumbo yao yakaanza kusema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Maharage nayo yalitaka moto wa saa tatu, na sikuwa nimefikiria kuni. Karibu na Iganga Mama Atieno, jirani yangu anayeuza samaki wa kukaanga, alianguka kando ya barabara akarudishwa Kampala juu ya lori la miwa. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kwa magari ya watu wema. Walitoka arobaini. Wakafika ishirini na wawili.

Na mimi, mkuu wa chakula, nilikuwa wapi? Nilikuwa Kamwokya, kwenye baraza langu, nyuma ya cherehani, nakunywa chai.

Wiki moja baadaye alikuja mzee mrefu, mwembamba, na suruali ya kaki mkononi. Alitaka ipunguzwe kiuno. Hata mkanda aliovaa ulikuwa umemzunguka mara moja na nusu. Alikuwa amesikia habari yangu sokoni, ila akaniomba niisimulie tena, polepole, jinsi daktari anavyokuuliza kuhusu choo. Nikaisimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga macho kidogo.

"Fundi," akasema, "wewe ulitoa chakula Kampala, ukapeleka Busia, ili irudi Kampala. Hiyo si chakula. Hiyo ni abiria."

Ndivyo tulivyojuana.

Sisi sote tulimwita Mzee wa Stoo, nami sitampa jina lingine hapa. Kwao ni kaskazini, ng'ambo ya Nile. Ukimuuliza wapi hasa, alielekeza kwa kidevu tu. Miaka mingi alikuwa mtunza stoo jeshini. Alipostaafu alikaa Naguru, chumba cha nyuma katika nyumba ya binti yake ambaye ni polisi, na kila asubuhi aliteremka Kamwokya akitembea kama mtu aliyetumwa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambi, kimenyooka kama mstari wa pasi kwenye suruali yake, na hakikuwa na muda wa sarufi. Mimi niliyefika kidato cha nne nilijaribu kumsahihisha mara moja. Aliniambia, "Wewe umeelewa?" Nikasema nimeelewa. "Basi imefika." Sikurudia.

Alikuwa na kitabu kimoja. Nasema kitabu, lakini kilikuwa kimepoteza jalada, kurasa za mwanzo na kurasa za mwisho, kwa hiyo hakujua nani alikiandika wala vita vilivyomo viliishaje. Alikiokota stoo, zamani, kikiwa kinatumika kufungia misumari. Kilikuwa cha Kiingereza, kuhusu majeshi ya kale ya Wazungu na Waarabu, enzi za mapanga, farasi na nguo za chuma, yaliyosafiri miezi na miezi kwenda kupigana mbali. Nilimuuliza kama haimsumbui kutojua nani alishinda.

"Nani alishinda, hiyo ni habari ya majenerali," akasema. "Mimi nataka kujua walikula nini."

Na alijua. Alijua kwamba jeshi la enzi zile lilipenda kufuata mto, kwa sababu mashua inabeba mzigo mkubwa na haili. Alijua kwamba halikutoka nyumbani kabla ya mavuno, kwani askari anayepita shambani mwezi wa njaa hukuta udongo. Alijua kwamba walibeba nafaka nzima na mawe madogo ya kusagia, maana unga huoza upesi. Na mikate iliyookwa mara mbili mpaka ikawa migumu kama soli ya kiatu, ambayo ilikaa muda mrefu kwa sababu hata wadudu waliiona kazi. Aliyasema haya akiwa amesimama mbele ya baraza langu huku wateja wakisubiri sare za watoto, na wateja nao wakasikiliza.

Siku aliponifundisha habari ya punda ndiyo siku niliyoanza kumwogopa vizuri. Alichukua kopo langu la vifungo akalimwaga juu ya meza ya cherehani. Vifungo vyeupe vikawa watu, vyeusi vikawa farasi. Kifungo kikubwa cha koti kikawa punda.

"Punda hii inabeba gunia mbili za nafaka. Sawa?"

"Sawa, mzee."

"Imetembea siku moja. Inakula nini?"

"Majani ya njiani."

"Kama majani iko. Kama ni kiangazi? Kama farasi ya mkubwa imepita mbele, imemaliza?"

Nikakitazama kile kifungo cha koti.

"Inakula gunia," akasema. "Kesho inakula gunia. Na mtu anayeshika kamba yake, yeye anakula hewa?"

"Naye anakula gunia."

"Sasa tembea na yeye siku nyingi." Akakisukuma kile kifungo polepole mpaka ukingo wa meza. "Punda imefika. Mtu imefika. Gunia imefika tupu. Fundi, umepelekea jeshi nini?"

"Nimepeleka punda, mzee."

"Umepeleka punda!" Akapiga meza mpaka vifungo vyeupe vikaruka. Mama Atieno, ambaye kibanda chake kinatazamana na baraza langu, alitoa kichwa kwenye moshi wa samaki.

"Mzee, sisi tunaenda kumwomba Mungu. Wewe unatuletea habari za farasi na punda?"

"Mama, hao wa kitabu walikuwa wanakwenda kuomba Mungu pia," akasema bila kugeuka. "Wengi waliona Mungu mapema, njiani, kwa sababu ya njaa. Walivuka nchi kavu, farasi zikakufa, watu wakubwa na nguo zao za chuma wakapanda ng'ombe."

"Ng'ombe!"

"Ng'ombe. Wewe angalau ulipata lori ya miwa."

Mama Atieno alirudisha kichwa chake ndani. Ni mara chache sana nimemwona akishindwa maneno, na zote alishindwa na mzee huyo.

Baada ya hapo mzee akaichukua ile kazi ya chakula. Hakuna aliyempa. Alienda mwenyewe kwa wazee wa kanisa, akasimama mlangoni bila kuingia kwa sababu alikuwa Mwislamu na alikuwa na mipaka yake, akawaambia kwamba hija itakuwepo mwaka ujao na kwamba watu watakaotoka arobaini watafika arobaini. Mzee mmoja akamuuliza yeye ni nani katika kanisa hili. Akajibu, "Mimi si wa kanisa. Mimi ni wa tumbo. Ninawafikisha Seeta, pale karibu na Namugongo. Kutoka Seeta mpaka kwa Mungu, hiyo ni kazi ya padri."

Kwanza aliua mkokoteni. Kisha akaniagiza nishone mifuko arobaini ya turubai, kila mmoja na vyumba vitatu: kimoja cha karanga na ufuta wa kukaanga, kimoja cha unga wa mahindi yaliyokaangwa, na kimoja kidogo cha chumvi na sukari. Chakula cha siku mbili, kinalika bila moto. Aliupima kila mfuko kwa mkono, akarudisha tisa. Mdomo wa mfuko ulifungwa kwa fundo lake maalumu, na mwiko ulikuwa mmoja: usifungue mpaka umpigie simu na kumwambia kwa nini. Mtu aliyekula karanga zake siku ya kwanza kwa sababu zilinukia vizuri, alitangazwa mbele ya wote kuwa ni panya.

Hizo zilikuwa akiba tu. Chakula chenyewe, alisema, hakibebwi, kinasubiri. Hilo nalo alilitoa kwenye kitabu. Majeshi yenye akili yalituma watu mbele na barua kwenye miji: tunakuja siku fulani, tuko wengi hivi, pikeni mikate, mfungue soko nje ya lango, hatutagusa mashamba yenu. Yasiyo na akili yalichukua kwa nguvu. Yakashiba siku moja, na baada ya hapo kila kijiji kilichokuwa mbele kilikuwa kimeficha mbuzi na kufukia nafaka. Hata hapa kwetu, alisema, muulize mzee yeyote wa Mengo, penye ikulu ya Kabaka: majeshi ya wafalme yalipopita kwenye migomba ya watu hayakuacha kitu, kwa hiyo kurudi ilibidi yatafute njia nyingine, kwani ile ya kwanza yalikuwa yameila.

"Na nyinyi mahujaji ni hivyo hivyo," aliniambia. "Barabara moja, vikundi vingi. Wa mbele anakula, wa nyuma anakuta sufuria inaoshwa."

Basi yeye akawa ndiye barua. Kila mwaka alitangulia siku moja mbele ya kundi, kwa gari la abiria au kwa bodaboda, akashuka kabla ya mji mkubwa, mahali ambapo vikundi vingine havisimami. Aliketi na akina mama wa pale, akaonja chumvi yao, akachagua wa kupika. Alikuwa na kamba ndefu mfukoni. Kwa kila sufuria iliyokubaliwa alipiga fundo. Kundi likifika saa tisa mchana, posho, ugali wa huku, na maharage vinafuka, maji yamechemshwa, na yeye ameshaondoka kwenda kwenye fundo linalofuata. Watu walitembea siku nane wakimfuata mtu ambaye hawakumwona. Mama Atieno alisema ni kama kufuata mashahidi wenyewe, ila huyu anaacha sahani.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo ajabu. Sukari yake aliifungia kwenye sanduku la chuma na ufunguo aliuvaa shingoni. Ukimwomba kiberiti, alikupa njiti moja na kukutazama mpaka uiwashe. Mtu aliyelisha watu arobaini bila kumnyima yeyote kijiko, mimi alininyima sukari ya pili kwenye chai nyumbani kwake, akaniambia nimeshashiba kwa macho.

Mwenyewe alikula mara moja kwa siku, kidogo, akiwa amesimama. Lakini nilipokuwa nikirekebisha nguo zake nilikuta karanga kwenye kila mfuko. Kila mfuko, hata ule wa ndani wa koti ambao watu huweka barua. Nilimuuliza. Akasema, "Hiyo si ya kula." Nikauliza ni ya nini basi. Akasema, "Ni ya kuwa nayo."

Mwaka mmoja hija iliangukia Ramadhani. Tulidhani atatuachia kazi yake. Alienda. Alikaa mbele ya masufuria ya Wakristo jua likiwaka, hajaweka hata tone la maji mdomoni tangu alfajiri, na kwa kuwa hawezi kuonja, mama wa kijiji alionja mbele yake naye akamtazama usoni. Kama uso haukuridhika, chumvi iliongezwa. Walisema mchuzi wa mwaka ule ndio uliokuwa mtamu kuliko yote. Siku ile ya mwisho, padri alitaka kumshukuru kanisani. Yeye alikuwa ameshapanda bodaboda kwenda Naguru kufuturu.

Mwaka wake wa kwanza walifika thelathini na wanne. Uliofuata, thelathini na wanane. Ukiondoa ile miaka ya korona ambapo hakuna aliyetembea, miaka miwili mfululizo ilikuwa thelathini na tisa. Kanisa lilimpigia makofi. Alikasirika. Mmoja aliyebaki mara ya pili alikuwa ameteguka mguu Lugazi, jambo ambalo halikuhusu chakula hata kidogo, nami nikamwambia hivyo. Aliniuliza, "Wewe ulimwona akila asubuhi?" Mimi nilikuwa nyumbani, bila shaka. "Basi hujui," akasema. "Mguu wenye njaa hauoni jiwe."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nilimtania: nikamwita Afande Arobaini, na watoto wa mtaa wakalidaka jina. Hakucheka, hakukataza.

Kisha ikaja alasiri moja ya mvua. Mabati yalikuwa yanapigwa sana, hakukuwa na mteja, akaketi ndani ya baraza karibu na cherehani kwa sababu nje palikuwa hapakaliki. Nilimuuliza kwa mchezo tu, huku napitisha uzi: kwa nini arobaini? Kwa nini isiwe wengi wao na yakaisha?

Aliokota kifungo kilichoanguka chini, akakirudisha kwenye kopo.

Akasema kwamba zamani, kaskazini, askari wa kikosi chao walitumwa porini kwa miguu. Chakula kilikuwa kiwafuate kwa lori, na lori lilikuwa lake. Lilikuwa limepakiwa. Lakini karatasi ya kutoa chakula ilitaka sahihi ya mkubwa mmoja ambaye hakuwepo, na yeye, mtunza stoo, alikuwa mtu wa karatasi. Akasubiri. Akasubiri siku mbili. Wale wa mbele wakaishiwa. Wakakuta shamba lililoachwa lina muhogo, ule mchungu, ambao hata mtoto wa kule anajua kwamba lazima uloweke, uanike, ndipo usage.

"Mtu mwenye njaa haloweki," akasema.

Walikula ule muhogo vilevile ulivyo. Wawili hawakuamka.

"Mmoja, viatu vyake ni mimi nilimpa. Alisema vinabana. Nikamwambia vitapanuka." Akatazama mvua. "Nilifika, lori imejaa. Mchele, maharage, samaki ya kopo. Imejaa, fundi."

"Walikuwa wangapi, mzee?"

"Walitoka arobaini."

Sikumwita tena Afande Arobaini. Niliwakataza na watoto, wakaendelea, kwa sababu watoto wa Kamwokya hawakatazwi.

Mwaka jana mguu wake wa kushoto ulivimba na daktari akamkataza safari. Aliniita Naguru. Binti yake alinifungulia akiwa na sare za kazi, akanong'ona, "Fundi, mwambie ukweli, usimpe matumaini," akaenda zake. Ukweli gani, sikujua. Nilimkuta kitandani, mguu juu ya mto, kamba ya mafundo juu ya tumbo.

"Mwaka huu unatangulia wewe," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi lakini si hilo. Nikamweleza kuhusu sare za shule ambazo hazijaisha. Nikamweleza goti langu. Nikamweleza kwamba katika miaka yote ya Kampala nimelala nje ya kitanda changu mara moja tu, na hiyo mara moja ilikuwa hospitali.

"Nitawapigia simu wale akina mama wote, mzee. Mmoja mmoja. Nitapanga kila kitu kwa simu."

"Simu haionji chumvi."

"Nitatuma mtu anayejua kutembea."

"Ulituma matoke," akasema. "Ilifika?"

Nilitazama ukutani. Akanyoosha mkono, akaniwekea kamba kwenye kiganja. Hakuwa anaomba. Sijawahi kumwona akiomba kitu. Lakini hakuuachia mkono wangu upesi, na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Arobaini, fundi," akasema. "Mimi sina mwaka mwingine."

Sasa nakuombea usiwahi kuona mtu asiyetoka nyumbani akisafiri. Nilibeba mto wangu. Wanawake wa kijiji cha kwanza baada ya Busia walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Walikuwa wamezoea mzee mrefu mkali, leo kashuka kwenye bodaboda mtu mfupi mwenye tumbo na mto. Lakini nilionja chumvi. Nikarudisha sufuria moja iliyokuwa imeungua chini, na mama aliyeipika akaniita majina kwa Kisamia, lugha ambayo kwa bahati mbaya naielewa.

Karibu na Bugiri, niliporudi nyuma kukagua sufuria nilizopanga jana yake, nilikuta balaa lenyewe. Kikundi kingine kilikuwa kimeingia kabla yetu, kikubwa, kikala kila kitu, pamoja na maharage yetu. Mama niliyempangia alinionyesha masufuria, yamegeuzwa juani. Watu wangu walikuwa umbali wa saa nne nyuma. Nilikaa juu ya jiwe. Kusema kweli nilitaka kwenda nyumbani. Gari la Kampala lilikuwa limesimama pale pale, konda anapiga kelele "Kampala, Kampala," nami nina mto wangu tayari.

Nikafikiria lori lililojaa.

Niliingia nyumba ya kwanza niliyoiona, nikavua kofia. "Mama, shikamoo. Nina watu arobaini wanakuja kwa miguu. Naomba sufuria moja tu." Akauliza ya nini. Nikasema ya chochote. Nikaenda nyumba ya pili, ya tatu. Nilipiga mafundo tisa siku ile, katika nyumba tisa: viazi vitamu hapa, kunde pale, uji, muhogo mtamu niliouonja mwenyewe ukiwa mbichi na ukiwa umechemshwa kabla ya kuruhusu mtu mwingine auguse. Kundi lilipofika, nililigawa kama karata. Walikula kila mtu chakula chake tofauti, wakabadilishana wakiwa wanacheka. Katika msitu wa Mabira, ambako ni miti tu kwa saa nyingi, nilitoa ruhusa kwa simu, mifuko ikafunguliwa. Hakukuwa na panya hata mmoja.

Mzee alizikwa kwao, ng'ambo ya Nile, miezi mitatu baada ya hapo. Mimi nilimwona akiwa amesimama mara moja tu tangu siku ile ya kitandani, na ilikuwa Seeta, siku ya nane.

Nilifika pale mbele ya kundi nikamkuta kando ya barabara juu ya kiti cha plastiki, koti limefungwa vifungo vyote, mguu umefungwa kitambaa, binti yake amesimama nyuma akiwa amekunja uso. Daktari alikuwa amekataza. Alikuwa hapo tangu asubuhi.

Hakunisalimu. "Wako wapi?"

Wakaanza kutokea, wawili wawili, watatu watatu, wakiimba kwa sauti zilizokauka. Alimwelekezea kila mmoja kidole, midomo ikitembea. Walimpita wakimpungia, wengine wakasimama kumshika mkono, naye akawasukuma waendelee ili wasimharibie hesabu. Walipoisha, kidole kilibaki hewani.

"Thelathini na tisa."

Nikahesabu mimi. Thelathini na tisa. Nikajua ni nani kabla ya kuuliza.

"Ni Mama Atieno," nikasema. "Leo asubuhi pale Mukono alikuwepo, mzee. Alikunywa uji."

"Uliona kwa macho?"

"Niliona kwa macho. Vikombe viwili."

Binti yake akasema, "Baba, twende, jua ni kali, huyo mama atakuja na gari." Sijui kama alijua alichokisema. Mzee aliegemea fimbo yake, akasimama kwa mguu mmoja na nusu, akatazama barabara ya Mukono. Malori yalipita. Kila lori lililopita aliliangalia juu, kwenye mzigo, na mimi niliangalia chini kwa sababu sikuweza kumwangalia yeye. Nilitaka kukimbia kurudi kumtafuta, goti au si goti, akanizuia kwa kiganja kifuani. Tukasimama hivyo. Sijui ni muda gani. Kikundi kingine cha mahujaji kilipita, na kingine.

Kisha nyuma yao, peke yake, katikati ya vumbi, viatu mkononi na kitenge kimelegea, akaja jirani yangu. Alitembea polepole sana, kama mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani, lakini alitembea. Hakuna aliyemshika.

"Arobaini," mzee akasema. Akanyoosha chupa ya maji. "Mama. Ni njaa? Sema ukweli. Ni njaa iliyokuchelewesha?"

Mama Atieno alisimama, akashika kiuno, akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi na mto wangu.

"Njaa gani, mzee? Huyu fundi wako amenilisha tangu Busia kama ng'ombe wa Krismasi. Nimechelewa kwa sababu nimevimbiwa."